Wahitimu wa shule za wasichana wanatupotea kwa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana. Hapa Tabora, mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys kuanzia 1937 hadi 1942. Ukimwomba mtoto huyo huyo akutajie mwanamke mmoja tu aliyepitia Tabora Girls, atanyamaza, na mara nyingi mzazi wake naye hatakuwa na la kumsaidia. Hata tunapoizungumzia shule hiyo kwa fahari, wa kwanza kutajwa ni mkuu wake wa miaka ya 1960, Mama Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946 kama mmisionari, akawa raia na mbunge wetu. Heshima hiyo anaistahili kabisa. Lakini wale aliowafundisha wako wapi?

Nadhani sababu moja kubwa ni jina. Mvulana huandikwa shuleni kwa jina la baba yake na kuzikwa nalo. Msichana huandikwa kwa jina la baba, kisha akiolewa hufanya kazi, hupanda cheo na husifiwa kwa jina la mume, na daftari la shule halina habari naye tena. Anayetafuta jina la Migiro miongoni mwa wasichana waliosoma Weruweru mwanzoni mwa miaka ya 1970 hataliona, kwa kuwa huyo aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012 alikuwa bado ni Asha-Rose Mtengeti. Yeye alifika mbali kiasi kwamba wengi wanayajua majina yake yote mawili. Walio wengi hawana bahati hiyo.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, ambaye sasa ana miaka zaidi ya sabini, kwenda kwenye shule moja ya wasichana, nje ya mkoa wetu, alikosoma akiwa binti. Karani alilipekua daftari kwa jina analolitumia shangazi leo, hakuliona, akamwambia kwa upole kwamba huenda ameisahau shule yake. Shangazi hakubisha. Alitaja jina la marehemu babu yangu, na ukurasa ulipofunuliwa alikuwamo, tena pembeni pameandikwa kwa wino kwamba alikuwa dada mkuu. Mwanamke huyu alikuwa mkunga kwa miaka zaidi ya thelathini, na sijui ni watoto wangapi waliopokelewa na mikono yake. Tulipotoka pale alishika mkono wangu na hakusema neno mpaka tulipofika stendi.

Ombi langu ni dogo na halihitaji fungu la serikali. Kila shule ya wasichana, ikianza na zetu za hapa Tabora, ifungue daftari la wahitimu lenye jina la shuleni kwanza, kisha jina la baadaye, mwaka wa kumaliza na kazi aliyoifanya mhusika. Wasiingizwe mawaziri na wabunge peke yao. Waingie wakunga, walimu wa vijijini, mabwana na mabibi shamba, makarani wa mahakama, na wale waliolea familia kubwa kwa elimu waliyoipata pale. Wanafunzi wa sasa wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo, kila mmoja akimhoji bibi au jirani aliyesoma shuleni hapo, na siku ya mahafali yakasomwa majina machache mbele ya wazazi. Nawasihi waanze na wazee, kwa sababu waliosoma miaka ya 1950 na 1960 wamebaki wachache, na wengi wao ndio pekee wanaokumbuka wenzao waliitwaje kabla ya kuolewa.

Shangazi yangu yuko tayari. Ameshaniandikia kwa mkono wake majina kumi na moja ya wasichana aliolala nao bweni moja, yote ya baba zao, na anaomba kusaidiwa kuwatafuta.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora