Gari yako haijarogwa kaka, ni yale maji ya kisima

Jumatano moja hivi karibuni napigiwa simu saa mbili na robo usiku, sijasema hata haloo naambiwa "nyie mmeifanya nini gari yangu?" Jamaa kakwama Ubungo, pale chini ya daraja la Kijazi, boneti iko wazi, mvuke unatoka, honi za daladala nyuma yake nazisikia mpaka kwenye simu. Siku nne kabla alikuja hapa gereji tukambadilishia beringi ya gurudumu la mbele kulia, basi. Sasa gari imechemsha, na kwa hesabu yake aliyegusa wa mwisho ndiye aliyeharibu. Kesho yake akaandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wao kwamba hapa kwetu unaleta gari ina ugonjwa mmoja unaondoka nayo ina miwili ili urudi tena, wapigaji sisi. Grupu lenyewe lina wateja wangu zaidi ya kumi, ndo maana nimeona niandike hapa mara moja nisianze kumjibu mmoja mmoja, maana hii lawama sio ngeni, kila mwezi lazima niisikie. "Tangu mlivyoigusa."

Beringi iko kwenye gurudumu, maji yako kwenye injini, havikutani popote. Ila jamaa simcheki, naelewa anakotoka. Gari yake ni Toyota IST ya 2004. Siku ile inatoka kiwandani Japani, hozi zake, oili sili, bushi, mkanda wa feni, mfuniko wa rejeta (ile sehemu ya mbele inayopooza maji ya injini), vyote vilianza kuzeeka siku moja, na mpira hauzeeki kwa kilomita tu, unazeeka kwa miaka na kwa joto hata gari ikiwa imepaki. Sasa vikishafika umri wa kuchoka vinachoka kwa pamoja, kinakufa kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo, vinafuatana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Wewe unachoona ni fundi kagusa hapa pameharibika pale. Ukweli ni kwamba pale palikuwa pameshajipanga foleni muda.

Na tulimwambia. Kila gari inayoingia hapa hata kama imekuja kubadilisha balbu tunaizungukia na karatasi, na karatasi ya jamaa ninayo, imeandikwa kwa mkono wangu: maji ya rejeta yana kutu, mfuniko haushiki presha, hozi ya juu imelainika karibu na klipu. Bei tukampa, 285,000 kila kitu pamoja na ufundi. Akasaini akasema "hiyo tutafanya mwisho wa mwezi bosi, kwa sasa niko vibaya." Sawa, ni haki yake, hela ni yake na gari ni yake. Lakini usiniambie mimi ndiye niliyeichemsha.

Ngoja niseme hili la maji vizuri kwa sababu ndiko injini nyingi za hapa Dar zinakokufa. Mtu anasema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi, huku kwetu hakuna barafu, kwa hiyo maji yanatosha. Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti na kweli hiyo hatuihitaji. Kazi zake nyingine ni kuzuia kutu, kulinda sili ya wota pampu (pampu inayozungusha maji) na kupandisha kidogo joto la kuchemkia. Injini ya IST, ile 1NZ, bloku yake (mwili wa injini) ni aluminiamu na hedi yake (kichwa kinachokaa juu ya bloku) ni aluminiamu, sasa wewe unaiwekea maji ya kisima. Na visima vya huku kwetu unavijua, maji ya chumvi, ukiogea sabuni haitoi povu, ukichemshia chai sufuria inabaki na utando mweupe chini. Huo utando ndio unaojijenga ndani ya vile vijia vyembamba vya rejeta. Vya kwanza kuziba ni vya chini, baadaye vya katikati, asubuhi ukiwa unatembea upepo unakusaidia huoni kitu, siku ukikaa foleni ya Mandela dakika arobaini na AC imewashwa ndio unaanza kushangaa mbona mshale unapanda.

Na mfuniko, jamani, mfuniko. Watu wanauona kama kifuniko cha ndoo. Juu yake imeandikwa namba, 0.9 au 1.1, hiyo ni presha unayoshikilia. Maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 100, ukiyabana kwa 1.1 yanakwenda mpaka kama 120 ndio yachemke. Mpira wa mfuniko ukikatika hizo nyuzi 20 za ziada umezipoteza, na injini ya kawaida inafanya kazi kwenye 90 huko na zaidi, kwa hiyo unaishi ukingoni kila siku. Kitu cha elfu kumi na tano! Mtu anaendesha gari ya milioni tisa kwa mfuniko aliofunga na kipande cha tyubu ya baiskeli ndani, nimeuona kwa macho yangu, tumeutunza.

Sasa njia ya mkato ambayo imetuletea wateja wengi kuliko matangazo yote: kutoa themostati. Gari inachemsha, unakwenda kwa fundi wa chini ya mwembe, anachomoa themostati anaitupa, anaunga feni moja kwa moja kwenye swichi ili izunguke muda wote, anajaza maji, elfu ishirini, umeondoka. Na gari haichemshi! Wiki, mwezi, miezi miwili, unamsifia fundi mpaka kanisani. Alichofanya ni kuondoa mlango unaosubiri injini ifike kwenye nyuzi 80 na kitu ndipo maji yaende rejeta. Sasa injini haipati joto lake, kompyuta ya gari inaona bado ni baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unaanza kulalamika gari inakula mafuta, oili nayo inapata ukungu ule kama maziwa chini ya kifuniko kwa sababu unyevu haukauki. Na rejeta iliyoziba bado imeziba. Siku ikifika mwisho haikupi taarifa ya pole pole, inakwenda mara moja. Tukiifungua tunakuta hedi imepinda, kuna mmoja alikuja hivyo mwaka jana, feni inazunguka hata funguo ukiitoa, betri mbili zimekufa na yeye anadhani anauziwa betri feki.

Simlaumu fundi wa mwembe sana, mteja kaja na elfu ishirini na anataka kuondoka saa hiyo hiyo, angefanyaje. Ila akija kwangu nikamwambia laki mbili na themanini ananiona mwizi.

Desemba ndio mwezi wetu, kila anayejua Dar anajua, watu wa Moshi wanapanda nyumbani. Wiki ya kuanzia tarehe 18 tunafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kuna mzee mmoja na Mark II yake, alipita hapa tarehe 21 nikamwomba atuachie gari siku moja tu, akasema inakwenda Kariakoo kila siku na haijawahi kumuangusha. Kwenda Kariakoo na kwenda Moshi na watu watano, mchele na kreti za soda kwenye buti ni vitu viwili. Alichemsha baada ya Mombo, jua la saa saba. Alichonisimulia mwenyewe ndicho nataka ukishike: mshale ulipanda mpaka juu, akapunguza mwendo, halafu ghafla mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa, akasema alhamdulillahi imepoa, akaongeza mwendo. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yameisha! Kile kisensa kinapima maji, maji yakiisha kinabaki kwenye hewa hakijui kitu. Injini ikagonga kabla ya Same. Krismasi kaifanyia gesti, gari imerudi Dar juu ya lori, na injini yused pamoja na kufunga ilimtoka milioni mbili na ushee.

Wenye Passo na Vitz nyingi ndio kabisa, hamna mshale, mna taa ya bluu na nyekundu tu. Ikiwaka nyekundu usiseme ngoja nifike pale petroli stesheni. Paki. Zima. Na usifungue mfuniko, kijana wangu mmoja ana kovu toka kwenye kiwiko mpaka vidole, na yeye ni fundi.

Tukija kwenye bei, kwamba kubadilisha maji tu mbona elfu themanini ya ufundi. Kwanza hatubadilishi maji tu. Tunafunga pampu ya mkono pale kwenye mdomo wa rejeta tunapandisha presha gari ikiwa baridi, tunaiacha robo saa tunaangalia geji kama inashuka, ndio unajua inavuja wapi, mara nyingine ni tone moja nyuma ya wota pampu ambalo injini ikiwa ya moto linakauka hulioni. Tunasafisha mpaka maji yatoke meupe, IST ya jamaa ilitumia saa tatu na bado yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Halafu tunajaza kulanti na maji yaliyosafishwa, kama lita 5 kwa gari hizi ndogo, na hapo ndipo wateja wanapochukia kwa sababu wanatukuta tumesimama tumeangalia gari inanguruma.

Hatujasimama bure. Tunatoa hewa. Mfuniko uko wazi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, injini inazunguka taratibu, unashika hozi inayorudisha maji toka rejeta kwenda injini iko baridi, baridi, baridi, halafu ghafla inakuwa ya moto mkononi, hapo themostati imefunguka, maji yanazama kwenye rejeta na mapovu yanapanda, unaongeza, yanapanda tena. Tunasubiri mpaka feni ijiwashe yenyewe na kujizima yenyewe mara 2. Dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima. Ukiondoka kabla ya hapo kuna povu la hewa limebaki kwenye hedi na utarudi baada ya siku mbili, tena ukiwa umekasirika. Dada mmoja aliniambia "kumbe nawalipa kwa kukaa." Ndio dada, kukaa kwenyewe ndio kazi.

Watu wanauliza kama gari ya zamani inaweza kuwa ya kila siku kweli au wauze tu. Inaweza. Kenya wao gari ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa nchini, kwetu inaingia ila unalipia ushuru wa uchakavu, ndio maana barabara zetu zimejaa hizi gari na wengi wetu hatutanunua nyingine karibuni. Nina mteja mwalimu, mama mtu mzima, Carina Ti ya 1998, anatoka Kibaha kuja mjini siku tano za wiki. Ukiiona nje utasema mkweche, rangi imebabuka juu ya paa yote. Lakini ana daftari kubwa la kaunta kwenye droo ya gari, kila kitu kiko humo, tarehe, kilomita, spea, bei, na jina la fundi aliyefunga. Taiming belti (mkanda wa ndani ya injini) alibadilisha kabla haijafika kilomita laki moja tangu ile ya nyuma, hakusubiri ikatike. Kila Jumamosi asubuhi kabla hajaiwasha anafungua boneti anaangalia maji na oili, dakika tatu. Kwa mwaka anatumia kwetu kama laki tano na nusu, yupo anayetumia hiyo kwa breki dauni peke yake. Toka aanze kuja hapa hajawahi kunipigia simu toka barabarani. Hata mara moja.

Yeye alianza na ukaguzi mkubwa, na hicho ndicho tunawaomba wote wenye gari kuukuu. Ni 40,000, na ukifanya kazi hapa tunaikata kwenye bili. Tunakuandikia mambo kwa makundi: haya ukiyaacha gari inakufa au inaua, haya yanasubiri miezi mitatu, haya ni kero tu kama kioo kisichopanda, kaa nayo. Huna hela ya yote? Hakuna aliye nayo, fanya la kwanza la kundi la kwanza. Maji huwa ya kwanza, breki nazo za kwanza, sitaki mabishano hapo. Spea unaweza kuleta mwenyewe toka maduka ya spea ya Gerezani, hatukatazi, ila themostati yused hatufungi na belti yused hatufungi, hata ukisema umeinunua kwa shemeji yako.

Tuje tumalize la jamaa. Gari ilivutwa ikaletwa hapa hapa, kwa wapigaji. Hedi ilikuwa imepinda kidogo, tukaipeleka kuskimiwa (kusawazishwa uso), gasketi mpya, boliti mpya, rejeta mpya kwa sababu ile haikusafishika, jumla 1,140,000, kalipa kwa awamu mbili. Hakunishukuru na sikutegemea. Ila maji yaliyotoka kwenye rejeta yake niliyaweka kwenye chupa ya lita moja na nusu, yametulia sasa, chini kuna tope jekundu la vidole vitatu na juu kidogo kuna vipande vyeupe vya chumvi. Iko juu ya kaunta pembeni ya ule mfuniko wenye tyubu ya baiskeli. Alipokuja kuchukua gari aliishika ile chupa akaigeuza geuza akauliza hii ni ya nani. Nikamwambia soma karatasi iliyobandikwa.

Tunafungua Jumatatu mpaka Jumamosi saa mbili. Wa ukaguzi njoo asubuhi, na tafadhali uje mapema uiache ipoe, ikiwa ya moto mfuniko sifungui.