Kesho Mount Rushmore: saa 12 asubuhi, tafadhali!

Habari za jioni wapendwa. Tunaondoka hapa Rapid City saa 12 kamili, siyo "niko njiani". Sura zile za marais wanne wa Marekani zilizochongwa mlimani zinatazama kusini-mashariki, jua la asubuhi linazipiga usoni, picha zinatoka safi. Kiingilio hakuna, tunachangia maegesho tu. Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln: kila uso mita 18 hivi, umechongwa kwa baruti zaidi kuliko patasi, 1927 hadi 1941.

Tukitoka tunapitia Crazy Horse, sanamu ya kiongozi wa Walakota inayochongwa mlimani (kule kuna kiingilio). Milima hii (Black Hills) Walakota, wenyeji wa asili wa hapa, waliahidiwa na serikali ya Marekani kwa mkataba wa 1868, wakanyang'anywa. Mimi sitaki turudi na hadithi ya upande mmoja. Masweta kwa watoto. Akina mama wa chapati, tunawategemea 🙏