Barua kwa Zaituni

Arua, Jumapili usiku

Zaituni wangu,

Asalaam aleikum. Huku wazima, mama anakusalimu, mvua zimeanza. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Sikutaka kukudanganya kwamba nina nafuu.

Damu imerudi chooni, ule ugonjwa wangu wa utumbo mpana umeamka. Hata Rashidi sijamwambia. Kwa miezi miwili nilikuwa nameza mesalazini, dawa yangu ya utumbo, leo nameza, kesho naruka, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Tumbo likanyamaza, nikadhani nimepata njia. Sasa naamka mara tano kwa usiku, na choo unakijua kiko ng'ambo ya ua.

Daktari hakunigombeza. Alisema dawa hii humezwa hata siku ukijiona mzima, ndiyo inayoulaza ugonjwa. Kumwona yeye silipi kitu, ada katika hospitali za serikali zilifutwa 2001. Lakini kwenye dirisha la dawa napewa karatasi: kanunue nje. Na huko nje, Zaituni, pakiti ya mwezi inapita kodi ya nyumba! Karo ya Amina nayo inangoja.

Binti wa Hajati aliyeko Leeds ana ugonjwa huu huu. Huko England analipa pauni 9.90 kwa kila dawa anayoandikiwa, kwa kuwa orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo ya dawa ilitungwa 1968 na letu halimo. Mwenye kisukari anayetumia dawa halipi. Angekuwa anaishi Scotland asingelipa hata yeye. Nilidhani ni huku tu tunakosahauliwa. Inaniuma, maana huu nao ni ugonjwa wa maisha.

Basi nakuomba. Nimebadilishiwa sulfasalazini, dawa ya zamani, bei yake ina unafuu, lakini hapa mjini nimeikosa. Pita William Street hapo Kampala, uliza duka kwa duka vidonge vya miligramu 500, vile vyenye ganda, na asidi ya foliki. Nitakutumia pesa kwa simu. Mpe kondakta wa basi la usiku, nitapokea asubuhi. Prednisoloni, ile ya kutuliza uvimbe, ninayo, nayo siwezi kuikata ghafla, ndiyo maana nahesabu siku.

Utaweza kabla ya Ijumaa? Wanauza nusu pakiti? Utaniangalizia tarehe ya kuisha? Na mgongo wako je? Mama Sauda alikurudishia zile pesa? Mama usimwambie lolote, tafadhali.

Nijibu hata saa nane za usiku, niko macho.

Wako,
Halima