Barua kwa mwanangu: MC hafungishi ndoa

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Ila habari ya harusi yenu ya Bagamoyo sikuisikia kwako. Mama yako mdogo ndiye aliyenionyesha kadi kwenye simu yake. Kadi nzuri. Nimetafuta palipoandikwa ndoa inafungwa wapi na nani, sikupaona.

Kumbe mtavalishana pete ufukweni mbele ya MC, ili pande zote ziridhike, cheti mtakishughulikia baadaye. Mwanangu, MC hafungishi ndoa. Yeye anaita keki na kupanga watu waende kwenye chakula. Mtarudi mmependeza, mmeshiba, na kisheria hamjaoana.

Najua kilichowafikisha huko. Wewe Mkatoliki, mwenzio Mwislamu, hamtaki kumuudhi mtu. Baba mkwe wako nilimwona siku ya mahari, mtu wa heshima, sina neno naye. Paroko naye nimemwuliza: inawezekana, ila kibali cha askofu kiombwe mapema, na ndoa ifungwe kanisani, si mchangani. Wakwe zako wangependa kwa shehe. Basi mjue mnachochagua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaichukulia ndoa ya Kiislamu au ya kimila kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja, mpaka ithibitishwe vingine. Ya bomani na ya kanisani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Umeshamwuliza mwenzio anataka ipi? Wewe ndiye uliyewabana wale wauza kiwanja cha kaka yako mpaka wakatoa hati yenyewe. Nilijisifu kwa majirani mwezi mzima. Leo kwenye jambo lako mwenyewe umekuwa mpole wa nini?

Mimi ningewashauri bomani. Mnapeleka taarifa kwa msajili siku 21 kabla, inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, halafu mnafunga mbele ya mashahidi wawili. Asubuhi kwa Mkuu wa Wilaya, jioni ufukweni, watu watacheza vilevile. Mkiamua kwa shehe sitasusa, nitakuja na nitapiga vigelegele. Ninachotaka ni cheti.

Na usiniambie kwamba mkishaishi pamoja miaka miwili sheria inawatambua. Inawatambua, ndiyo, lakini kwa kudhania tu, na dhana hiyo mtu anaweza kuipinga mahakamani. Mwenye kupinga haji mume akiwa hai. Anakuja matanga yakishaanuliwa, anauliza cheti kiko wapi. Ya shangazi yako unayajua, sina haja ya kuyarudia.

Halafu tarehe. Mwezi wa nne ni masika, nani atakaa mchangani na mvua ile? Mkilipa turubai kubwa, bei ya ukumbi mtakuwa mmeifikia. Na mmwulize baba mkwe kuhusu bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kabla hamjapanga viti, yeye mtu wa Tanga anaijua bahari. Sogezeni hadi mwezi wa saba kama wenye eneo watakubali.

Huku tu wazima. Baba yako ameanza kupaka rangi sebuleni kwa ajili ya send-off, kachagua kijani, nimenyamaza. Paa la jiko bado linavuja. Mwenyekiti wa kamati anataka kuanza kugawa kadi za michango. Nimemwambia asubiri kwanza, siwezi kuchangisha watu kwa ndoa ambayo sijui inafungwa wapi. Mdogo wako anaulizia kitenge cha sare, maana fundi wake akishashika kazi za Pasaka hapatikani tena.

Nendeni kwa msajili wiki hii, wote wawili, asiende mmoja. Someni kila mstari kabla ya kutia sahihi. Cheti chako cha kuzaliwa ninacho mimi kabatini, nitakituma na basi la asubuhi. Niambie nani atakipokea stendi, nimwandikie kondakta namba yake juu ya bahasha.

Mama yako