Kwenu wakufunzi vijana wa uuguzi: msimkate mgonjwa vipande

Wanangu na wadogo zangu mnaofundisha patofiziolojia, yaani somo la jinsi ugonjwa unavyouharibu mwili, kwenye shahada ya uuguzi, kuanzia Muhimbili hadi Bugando, Moshi hadi Dodoma,

Nawasalimu nyote. Nimestaafu, lakini wanafunzi wenu bado wanapita kwangu na madaftari yao, na nikiyasoma naona jambo linaloninyima raha. Kazi hii sasa iko mikononi mwenu, kwa hiyo nawaandikia nyinyi. Nimeandika hadharani kwa sababu wagonjwa nao wana haki ya kujua namna tunavyowaandaa watu watakaowahudumia.

Wanafunzi wanasoma patofiziolojia kwa mwalimu mmoja: seli, kinga, homoni, asidi. Kwa mwalimu mwingine, katika somo jingine, wanasoma kumwangalia mtu mzima, yaani mwili, akili, jamii na roho. Mitihani miwili, madaftari mawili. Wakifika wodini wanajaza mpango wa uuguzi. Upande wa mwili unajaa kurasa mbili. Kwenye jamii wanaandika "ameolewa". Kwenye roho, "Muislamu" au "Mkristo". Kwenye akili, "ana wasiwasi". Fomu inafungwa, zamu inaisha. Simlaumu mwanafunzi hata kidogo. Tulimpa mtu akiwa vipande, naye katurudishia vipande vile vile.

Ninachowaomba ni kwamba ugonjwa mmoja ufundishwe kama mnyororo mmoja, tangu unapoanzia hadi unapoishia, bila kuukata kwenye ngozi ya mgonjwa. Magonjwa mengi ya kwetu hayaanzii ndani ya ngozi wala hayaishii humo.

Chukueni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Mtoto wa miaka minane analala chumba kimoja na watu sita, dirisha dogo. Koo linamuuma kwa sababu ya bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, na kwa kuwa wanapumuliana usiku kucha, koo linawauma na wenzake. Linapona lenyewe, hakuna aliyepelekwa zahanati. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba, goti leo, kifundo cha mguu kesho. Kinga iliyoamshwa kupambana na bakteria inamkosea adui: sehemu za bakteria yule zinafanana na protini za moyo, basi kinga inageukia valvu, vile vimlango vya ndani ya moyo. Mashambulizi yakijirudia, valvu ya mitro inakakamaa na tundu lake linasinyaa. Mtoto anakua, anasoma, anaolewa. Hakuna anayejua kitu.

Kisha anashika mimba. Hapa ndipo ningependa mwalimu apunguze mwendo, akae saa nzima ikibidi. Mimba huongeza damu ya mama kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo hupiga haraka zaidi. Valvu iliyosinyaa inahitaji muda ili damu ivuke kutoka chemba ya juu kwenda ya chini, na moyo ukienda mbio muda huo unapungua. Damu inarundikana nyuma, kwenye mapafu, maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa. Mama anakohoa usiku, hawezi kulala chali, anaongeza mto juu ya mto. Nyumbani wanamwambia ni mimba tu, mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Kliniki yenye foleni ndefu inaweza kumwambia hivyo hivyo.

Anajifungua salama, vigelegele vinapigwa, na wakati huo huo hatari inapanda. Tumbo la uzazi likijikaza linasukuma damu nyingi kurudi kwenye mzunguko kwa mkupuo, na mshipa mkubwa wa tumboni uliokuwa umebanwa na mimba unafunguka. Moyo ule ule wenye tundu dogo unaletewa mzigo kwa ghafla. Mkunga asiyelijua hili atamlaza chali, atampongeza, ataenda kuandika ripoti. Anayelijua atamkalisha, atahesabu pumzi zake, ataangalia ni dripu gani inaingia na kwa kasi gani, na hataondoka pale kitandani.

Sasa ukimuuliza mwanafunzi chanzo cha hali ya mama huyu, naye akajibu "streptokoka", amejibu kipande. Chumba cha watu sita kimo. Zahanati ya mbali imo. Kikohozi kilichoitwa mimba kimo. Vyote hivyo vimeshika mahali pao pamoja na kinga na valvu, na kimoja kikiondolewa mapema mama huyu hafiki alipofika. Hayo si maelezo ya pembeni ya kusomewa semista nyingine. Ni patofiziolojia yenyewe.

Na mnyororo unaendelea mbele. Mama atatakiwa achomwe penisilini ya benzathini, ya kumzuia streptokoka asirudi, kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, sindano inayouma kweli kweli. Ataambiwa asishike mimba nyingine mpaka valvu itengenezwe. Wapo watakaofika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na wapo ambao nauli ya kufika huko hawana. Ana mtoto mmoja, na ndugu wa mume wanamtazama. Siku atakaporudi akiwa ameacha sindano na ana mimba ya miezi mitano, kuna mwanafunzi ataandika "mgonjwa hafuati maelekezo". Naomba msiyapokee maneno hayo peke yake. Mrudishieni daftari, mumuulize: mume aliitwa akaelezwa? Mama mkwe anajua kwamba damu ya mimba ndiyo inayomzamisha mkwewe? Uzazi wa mpango ulizungumzwa na nani, lini, mbele ya nani? Mara ya mwisho alipofika, sindano ilikuwepo kwenye dirisha la dawa, au aliambiwa arudi wiki ijayo?

Najua wapo kati yenu wanaopenda sana upande wa mtu mzima na kuuogopa upande wa seli. Kwao nasema kwa upendo: huruma isiyojua kwa nini mgonjwa anahema haitamwokoa. Mfano wa Ramadhani unatosha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anataka kufunga, na mwanafunzi anayeheshimu imani yake ananyamaza ili asimkwaze. Anyamaze vipi? Akichoma dozi yake ya kawaida asubuhi na kushinda hajala, sukari itaporomoka. Akiiacha insulini kabisa, mwili utaanza kuunguza mafuta, asidi itajaa kwenye damu, ataanza kuvuta pumzi ndefu za kina. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Muuguzi anayejua yote mawili atalianzisha jambo hilo mwezi wa Shaabani, kwa adabu, akimshirikisha daktari, na mgonjwa akitaka, shekhe wake pia. Kumheshimu mtu kiroho hapo kumehitaji kuijua insulini.

Kuna jambo la degedege, nalo nataka nilikalie kidogo. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waliandika jinsi wazazi walivyouelewa ugonjwa huo: mtoto ana homa, anakakamaa, macho yanapinduka. Wengi waliona ni kazi ya mganga kwanza, hospitali baadaye, na ilikuwepo hofu kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Mwanafunzi wa mjini akisikia haya hucheka. Msimwache acheke. Mama aliyemwona mtoto wa jirani akifikishwa hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa, anao ushahidi wake aliouona kwa macho. Hajui tu kilichotangulia.

Kilichotangulia ndicho mnachofundisha nyinyi. Chembe za damu zenye vimelea vya malaria aina ya falsiparamu zinanata kwenye kuta za vishipa vidogo vya ubongo, sukari ya damu inashuka, na mtukutiko wenyewe unamaliza hata ile kidogo iliyobaki. Kila saa ina uzito. Dawa pia ina historia ya kusimuliwa: mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa sindano ya atesuneti asilimia 8.5. Mwanafunzi aliyeyashika haya yote, pamoja na hofu ya mama, anaweza kukaa chini usawa wa macho yake na kusema: "Mama, wadudu wa malaria wameziba vishipa vidogo vya ubongo wa mtoto, na sukari yake imeshuka. Sindano hii inawaua hao wadudu, na hii dripu inarudisha sukari. Nakuelewa unavyoogopa. Nitakuwa hapa, nitampima tena sasa hivi." Sentensi hizo chache zimebeba masomo yenu mawili, na mama kaelewa kila neno.

Hapo hapo wafundisheni unyenyekevu. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, mapigo dhaifu: kitabu kilisema damu haifiki viungoni, basi mwongezee maji mengi ya dripu kwa haraka. Hoja ilikuwa nzuri na kila mmoja wetu aliikubali. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100 wa aina hiyo. Waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Nawaomba msiwafiche wanafunzi habari hii eti itawachanganya. Wajue kwamba kujua njia ya ugonjwa kunakupa swali zuri la kuuliza, lakini jibu linatoka kwa watoto wenyewe, wakihesabiwa kwa uaminifu. Na anayewahesabu pumzi usiku kucha ni muuguzi.

Selimundu nitaigusa kwa sababu ya maumivu tu. Tangu mwaka 1949 dunia inajua kwamba ugonjwa huo ni kasoro ya himoglobini yenyewe, ile protini ya damu inayobeba hewa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao. Wanafunzi wanaweza kuchora chembe zenye umbo la mundu vizuri sana. Lakini usiku wa manane kijana amelala anashika simu yake, anaomba mofini, dawa kali ya maumivu, na mwanafunzi yule yule aliyechora anamwambia mwenzake kwamba huyu anajifanya. Basi mchoro haujafundishwa. Angeelewa kwamba vishipa vya mfupa vimezibwa na mfupa unakosa hewa ukiwa hai, na kwamba mtu aliyeanza kuumwa hivyo tangu vidole vyake vilipovimba akiwa mchanga amejifunza kuumia bila kulia, asingesubiri machozi ndipo amwamini. Hili lifundishieni kando ya kitanda, siyo kwenye projekta.

Nisisitize kidogo hapo. Slaidi ni nzuri, lakini mwalimu wa patofiziolojia asiyeonekana wodini anafundisha habari za kusimuliwa. Nendeni na wanafunzi wachache, chagueni mgonjwa mmoja aliyekubali, mkae naye. Kisha, pale inapowezekana, mfuateni hadi nyumbani kwake baada ya kuruhusiwa. Muone anakolala, maji yanakotoka, chumvi inavyotiwa kwenye mboga, dawa zilipohifadhiwa. Wenye umri wangu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu takriban milioni mbili wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho, kuhara, kisha kutoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Wakulima ambao wengine hawakujua kusoma walielezwa mdudu anavyoingia mwilini, wakaelewa, wakaamua la kufanya. Waliaminiwa kwamba wanaweza kuelewa. Wagonjwa wa leo nao waaminiwe hivyo.

Najua mna madarasa makubwa, vitabu havitoshi, na wengine mnafundisha masomo matatu huku mkisimamia wodi. Siombi mtaala mpya. Mtaala una njia zake na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina kazi yake. Naomba walimu wawili, wa patofiziolojia na wa misingi ya uuguzi, wakae meza moja kabla ya semista kuanza, wachague magonjwa matano tu, wayafundishe pamoja darasani, mmoja akianza na mwenzake akiendeleza.

Na kwenye mtihani wekeni swali moja la mdomo. Mwanafunzi apewe mgonjwa wa kweli, amweleze ndugu yake kwa Kiswahili cha nyumbani kinachoendelea mwilini, kilianzia wapi, na nini kifanyike watakaporudi nyumbani. Ndugu ndiye aulizwe baadaye ameelewa nini. Alama zitolewe kwa alichoelewa yeye.

Mkilijaribu, niandikieni mlivyoliendesha na palipokwama, hasa kwenye darasa la wanafunzi mia na zaidi, maana hapo ndipo najua patakuwa pagumu. Walio karibu na Tanga wanajua nyumbani kwangu. Waje na maswali hayo, tuyatunge pamoja.

Mama yenu,
mkufunzi mstaafu wa uuguzi na ukunga