Mguu wako unauma kweli, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Usiku ule wodini uliponishika mkono ukasema, "Mama, vidole vya mguu vinaungua," nilitazama shuka lilivyolala bapa chini ya goti lako la kulia, nikakwambia, "Nyamaza baba, mguu haupo." Ukanyamaza. Hukuniambia tena, ukawa unang'ata shuka tu. Nisamehe. Neno lile limenikwama kooni tangu nirudi nyumbani.

Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinikalisha akanieleza. Mguu umekatwa, lakini mishipa ya fahamu iliyokuwa ikishuka hadi vidoleni ingali kwenye kigutu, na ubongo ungali na ramani ya mguu mzima. Ishara zikipanda, ubongo unazipokea kama zimetoka vidoleni. Si wazimu, wala si pepo wa kupungwa kama majirani wanavyonong'ona. Ambroise Paré, mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, aliandika habari za maumivu haya katika karne ya 16. Miaka yote hiyo watu wanalia kwa jambo hili, na mimi mama yako nikakunyamazisha!

Vile vidonge vya usiku, amitriptilini, usiviache eti kwa sababu umesikia ni vya sonona. Kwa dozi ndogo hutuliza mishipa iliyojeruhiwa. Mdomo ukikauka, kunywa maji, umwambie na nesi. Na ule mto niliokuwa nakuwekea chini ya goti, uondoe. Nilidhani nakuhurumia, kumbe goti likizoea kukunjika litagoma kunyooka, na mguu wa bandia utakutesa.

Kuna na jambo la kioo. Daktari Ramachandran, huko Marekani, ndiye aliyelianzisha miaka ya 1990. Kioo husimamishwa katikati ya miguu, kigutu kikabaki nyuma yake. Ukichezesha vidole vya mguu mzima, unaiona miguu miwili ikicheza, na ule usiokuwepo, uliokuwa umekakamaa, unauhisi ukilegea. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata. Tutafanya kila siku, taratibu, mimi nimekishika kioo. Ikikuuma, sema. Ukitaka kulia, lia, mimi nipo.

Nimekibandua kioo cha kabati langu, nimekifunga kwa khanga mbili kisivunjike njiani. Jumamosi napanda basi la alfajiri.

Mama yako