Barua kwa binti yangu, dereva wa deraya

Zawadi mwanangu,

Mama yako kanikataza kukupigia usiku eti unafunga mabegi, basi nakuandikia. Huko Afrika ya Kati unakokwenda kulinda amani sio Dodoma. Desemba 2021 vijana wetu watatu wa kulinda amani waliumia pale Bohong, gari lao lilikanyaga bomu. Oktoba 2022 Wabangladeshi watatu wakafa kabisa, bomu la kutegwa hivyohivyo. Barabara ya vumbi tu, hamna hata wa kumrushia risasi.

Sasa wewe mama, ukiona dimbwi lazima upeleke tairi pembeni kwenye majani, nimekugombeza sana na hii njia yetu ya Kibondo lakini kichwa ngumu. Kule acha. Anayetega naye anajua dereva atakwepea wapi, anafukia hapohapo. Fuata alama za gari lililotangulia. Ukiona udongo umechimbwa ukasawazishwa, au kimkebe kinang'aa njiani, simama, toa taarifa redioni, rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe, wasubiri wategua mabomu wenye kazi yao. Wa nyuma akipiga honi apige mpaka achoke.

Na msibanane kwenye msafara. La mbele likilipuka najua roho yako, utataka kuruka ukaokoe. Usiruke! Mara nyingi kuna la pili linamsubiri mwokoaji. Ngoja pakaguliwe.

Wenyeji nao waheshimu, jifunze hata salamu ya Kisango, lugha yao ya huko. Siku ya gulio ukikuta soko tupu na watoto hawaonekani, jua wenzio wameshajua kitu. Wale panya wanaofunzwa pale chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro wananusa baruti iliyofukiwa, wamesaidia sana Msumbiji mpaka 2015 ikatangazwa imemaliza mabomu ya ardhini, wewe pua hiyo huna, una macho na hao wanakijiji. Kwa hiyo pembeni usitoke, hata kwa haja ndogo, nasema tena.

Hapa Kibirizi nimeshawatangazia wote, bodaboda wananiita baba kamanda, mimi niliyesema jeshi sio la watoto wa kike, haya hayo yaache.

Hela nimepata, nimeshabadilisha bati la jikoni. Mdogo wako anadai viatu vya shule, vya juzi vimeshafumuka. Dagaa wamepanda bei kweli, mwezi ukiwaka hawavuliki. Mama yako kakutumia mawese kwa basi, dumu la lita tano, uwanja wa ndege wakikataa mwachie shangazi yako Mbagala, ila mwambie lile dumu tunalitaka.

Baba